Diski bandia ya mgongo: kaka yangu anataka kuuza shamba la michikichi aende India. Wenye uelewa tujadili

Mwana_Kibirizi (Kigoma)

Wakuu, salaam. Naomba tulijadili hili kwa utulivu maana lina mgonjwa na lina mali ya familia.

Kaka yangu mkubwa amefanya kazi ya kupakua maboti pale Kibirizi tangu hajaoa. Madumu ya mawese, magunia ya dagaa, saruji ya kwenda vijiji vya kusini mwa ziwa, vyote vimepita mgongoni mwake. Kiuno kilianza kukaza taratibu, halafu maumivu yakashuka: takoni, ubavuni mwa mguu wa kushoto, mpaka kidole gumba. Juu ya wayo ana ganzi. Alianzia hospitali ya Maweni hapa Kigoma, akapewa dawa na rufaa, akapigwa picha ya MRI Mwanza. Majibu yanasema diski iliyo kati ya pingili (mifupa ya uti wa mgongo) ya 4 na ya 5 za kiuno imepoteza maji, imepungua kimo, imetokeza nyuma na inagusa mzizi wa neva.

Kabla hajayarudisha majibu kwa daktari, akakutana na jamaa anayejishughulisha na kupeleka wagonjwa India. Huyo kamwambia: diski mbovu inatolewa, unawekewa ya bandia, unarudi gatini kubeba kama zamani. Gharama ni makumi ya mamilioni. Shamba letu la michikichi kule Simbo tayari limepata mnunuzi, na kaka anataka tusaini.

Mama hataki. Wadogo zangu wawili wanataka. Mimi nimeamua kusoma kwanza, na haya ndiyo niliyoyaelewa. Wataalamu mnirekebishe.

Mgongo una pingili 24 zinazojongea: 7 za shingo, 12 za kifua, 5 za kiuno. Kati ya pingili hizo, mpaka ile ya mwisho na mfupa wa chini ya kiuno, kuna diski 23. Diski ina ukuta mgumu wa nyuzi kwa nje na ute mzito kwa ndani, na kazi yake ni ile ya shokapu ya gari. Shida ni kwamba kwa mtu mzima diski karibu haina mishipa ya damu ya kwake, inalishwa kwa kunyonya kutoka kwenye mfupa uliopakana nayo, ndiyo maana ikiharibika hairudi upesi kama nyama.

Wazo la kuweka ya bandia lina umri. Miaka ya 1960 daktari wa Uswidi, Ulf Fernström, aliwawekea wagonjwa gololi za chuma kati ya pingili, na nyingi zikadidimia ndani ya mfupa. Mwaka 1984 katika hospitali ya Charité, Berlin Mashariki, Kurt Schellnack na Karin Büttner-Janz wakaweka diski ya aina nyingine: sahani mbili za chuma, moja juu na moja chini, na katikati kipande cha plastiki ngumu kinachoteleza ili kiuno kiendelee kupinda. Huyo Karin ndiye yule mwanamichezo wa Ujerumani Mashariki aliyechukua dhahabu 2 za jimnastiki Olimpiki ya Munich mwaka 1972. Mtu aliyeutumia mgongo wake kiasi kile, kisha akasomea udaktari na kuingia katika kazi hii, kwa kweli nimemheshimu.

Marekani waliiruhusu diski ya kiuno mwaka 2004, na ya shingo mwaka 2007. Kwa hiyo si utapeli, kitu chenyewe kipo. Ninachotaka kujua ni kama kinamfaa kaka yangu.

Mpenda_Mwanga

Pole sana mkuu. Ushauri wangu ni mfupi: mgongo haupasuliwi. Nimeona watu wakitoka huko kwenye kiti cha magurudumu. Tunzeni shamba lenu.

Baba_Wawili (Ujiji)

Huku Ujiji kuna mzee anakanda kwa mafuta, watu wanaingia wameinama wanatoka wamenyooka. Kabla ya mamilioni, mpelekeni huko.

Fizio_Kitongoji (Tabora)

Mwana_Kibirizi, pole kwa kuuguliwa. Mimi ni mtaalamu wa mazoezi tiba, nipo Tabora, na wagonjwa wa namna ya kaka yako nawaona kila wiki: wabeba tumbaku, wapasua mbao, madereva wa malori. Nitaandika kirefu kidogo.

Kwanza kwa Mpenda_Mwanga. Hofu ya kupooza naielewa, lakini kwa kiuno picha ni tofauti na watu wanavyodhani. Uti wenyewe, ile kamba kuu ya neva, unaishia usawa wa pingili ya 1 au ya 2 ya kiuno. Chini ya hapo kuna mizizi ya neva inayoning'inia. Diski ya 4 na 5 ipo chini kabisa ya hapo. Tena diski bandia ya kiuno haiwekwi kwa kupitia mgongoni, inawekwa kwa kupitia tumboni. Daktari anasogeza utumbo, anasogeza mishipa mikubwa ya damu inayokwenda miguuni, ndipo anaifikia diski kwa mbele. Hatari kubwa ya kwanza ni hiyo mishipa, ndiyo maana mara nyingi kunakuwa na mpasuaji wa mishipa ya damu mezani. Kwa wanaume kuna jambo jingine ambalo madalali hawalisemi: neva ndogo za eneo lile zikiguswa, mbegu zinaweza kurudi ndani kwenye kibofu badala ya kutoka. Mwanaume anayetaka watoto aambiwe hilo kabla ya kusaini.

Sasa swali lenye uzito kuliko yote, na naomba umuulize kaka yako leo hii: kinachomtesa zaidi ni kiuno au ni mguu?

Nauliza kwa sababu ni matatizo mawili, na kila moja lina tiba yake. Maumivu yanayoshuka mguuni na ganzi yanatoka kwenye neva iliyobanwa. Kwa hilo, kama upasuaji unahitajika, uliozoeleka ni mdogo zaidi: kinatolewa kile kipande cha diski kinachobana, sehemu kubwa ya diski inabaki mahali pake. Diski bandia ya kiuno kimsingi imetengenezwa kwa ajili ya maumivu ya kiuno chenyewe, yanayotokana na diski iliyochakaa, kwa mtu aliyekwisha kutibiwa vizuri kwa miezi 6 au zaidi bila nafuu. Dalali hakuuliza hilo kwa sababu hana haja nalo.

Baba_Wawili, kukanda kunalegeza misuli na mtu anapata ahueni, sibishi. Lakini mwenye ganzi mguuni asivunjwevunjwe kiuno wala kukanyagwa mgongoni. Hilo nawaomba sana.

Mwana_Kibirizi

Asante sana dokta. Nimemuuliza. Anasema kiuno amekizoea, anayemnyima usingizi ni mguu.

Mama_Kasulu

Shikamooni wakubwa, marahaba wadogo. Mimi naongeza moja tu. Mdogo wangu aliambiwa mtaani ana diski, akanywa dawa za maumivu mwaka mzima, huku anakonda na usiku anatoka jasho. Ilikuwa TB ya mgongo. Alimeza dawa za TB akapona, ingawa kibiongo kilibaki. Kaka yenu ana homa? Amepungua?

Mwana_Kibirizi

Shikamoo mama. Hapana, hana homa na mwili wake ni uleule. Na MRI haikutaja kitu cha namna hiyo.

Fizio_Kitongoji

Mama Kasulu ahsante, hilo lisomwe na kila mtu. Na kuna dalili nyingine ambazo haziruhusu kungoja hata usiku mmoja: mgonjwa akishindwa kuzuia mkojo au haja kubwa, au mkojo ukigoma kutoka, akipata ganzi sehemu anazokalia na sehemu za siri, au mguu ukiishiwa nguvu ghafla. Hapo ni hospitali siku hiyohiyo, rufaa ya dharura. Neva zikibanwa hivyo muda mrefu hazirudi.

Kwa kuwa umesema ni mguu, jambo la kumtia moyo kaka ni kwamba kipande cha diski kilichotokeza mara nyingi husinyaa chenyewe, mwili unakimeng'enya. Wagonjwa wengi wa maumivu ya namna hii hupata nafuu kubwa ndani ya wiki 6 hadi 12 bila kisu. Je, amewahi kufanya mazoezi tiba ya kweli, kwa kufuatiliwa? Simaanishi kupewa karatasi yenye picha.

Mwana_Kibirizi

Karatasi ndiyo aliyopewa. Na akirudi nyumbani anakwenda gatini asubuhi yake. Watoto wanakula, dokta.

Fizio_Kitongoji

Najua. Ndiyo sehemu ngumu ya kazi yetu huku, kumwambia mbeba mizigo apumzike kubeba ni kumwambia asile. Wengine nimewaomba wabaki palepale kazini lakini wahesabu magunia, wapange foleni, washike daftari. Ongea na wenzake wa gatini, mara nyingi wanakubali kuliko tunavyofikiri.

Msomaji_wa_Usiku

Mimi nipo upande wa kaka. MRI imesema diski imechakaa, imeandikwa na daktari. Mnataka ushahidi gani zaidi? Watu wa Ulaya wanabadilishiwa, sisi tuambiwe mazoezi?

Fizio_Kitongoji

Swali la haki kabisa. Jibu lina sehemu mbili.

Kuhusu MRI: mwaka 1994 watafiti Marekani walichapisha picha za watu 98 wasio na maumivu yoyote ya mgongo. Zaidi ya nusu yao walikuwa na angalau diski moja iliyovimba nje ya mpaka wake. Watu wazima kabisa, wanaotembea, wanaolala vizuri. Kwa hiyo maneno "imechakaa" na "imevimba" kwenye karatasi hayatoshi peke yake. Lazima daktari amshike mgonjwa, ainue mguu wake, apime nguvu ya kidole gumba, aone kama picha na mwili vinasema kitu kimoja.

Kuhusu Ulaya: Norwe walifanya jaribio lililochapishwa mwaka 2011. Wagonjwa 173 wenye maumivu ya kiuno ya muda mrefu yaliyodhaniwa kutokana na diski chakavu waligawanywa kwa kura, nusu wakawekewa diski bandia, nusu wakapewa mazoezi na mafunzo ya kina, kama saa 60 ndani ya wiki chache. Baada ya miaka 2 makundi yote mawili yalipata nafuu. Waliopasuliwa waliwazidi wenzao kwa alama 8 hivi kwenye kipimo cha alama 100 cha ulemavu wa kiuno, wakati watafiti walikuwa wamesema mapema kwamba tofauti ya maana ianzie 10. Na mmoja wa waliopasuliwa, alipofunguliwa tena kurekebishwa, alipata jeraha la mshipa wa damu, ikaishia kukatwa mguu.

Mimi siyatumii matokeo haya kusema diski bandia ni mbaya. Wapo waliopona nayo. Nayatumia kuonyesha kwamba hao Wazungu walipewa mazoezi ya saa 60 na yakakaribia upasuaji, na sisi tunampa mtu karatasi halafu tunasema mazoezi yameshindwa.

Mwalimu_Gungu (Kigoma)

Nimesoma uzi wote. Mimi ninayo diski bandia, ya shingo, kati ya pingili ya 5 na ya 6. Nilifanyiwa Chennai kwa msaada wa ndugu. Sitataja hospitali, nitasema yaliyonipata.

Mkono wa kulia ulikuwa unawaka kama umepakwa pilipili, na mwisho chaki ikawa inaniponyoka. Nilitibiwa kwa dawa, mazoezi na kola muda mrefu, na nguvu za mkono zikawa zinazidi kupungua. Madaktari walinieleza njia mbili: kuunganisha pingili zile mbili ziwe mfupa mmoja, au kuweka diski inayojongea. Ukiunganisha, maumivu yanaweza kuisha, ila diski za jirani yake zinabeba kazi ya ile iliyogandishwa, na baada ya miaka zinaweza kuharibika nazo. Kwa shingo, majaribio yaliyofuatilia watu miaka 7 na zaidi yameona waliowekewa diski wanarudishwa mezani kwa uchache kuliko waliounganishwa. Mifupa yangu ilikuwa imara na vile viungo vidogo vya nyuma ya pingili vilikuwa vizima, ndipo wakakubali.

Kidonda kipo mbele ya shingo, mstari mdogo. Niliamka na sauti iliyokauka, na kumeza ugali kukawa kazi kwa muda. Moto wa mkono ulikuwa umezimika. Leo nageuza shingo kuangalia darasa lote, namshukuru Mungu.

Lakini ndugu yangu Mwana_Kibirizi, shingo ya mwalimu na kiuno cha mbeba saruji ni mambo mawili. Mimi niliambiwa nisibebe ndoo kichwani. Na gharama haziishii kwenye upasuaji: kuna nauli na malazi ya anayekusindikiza, na eksirei za kufuatilia baada ya kurudi. Ukipata tatizo ukiwa Kigoma, daktari aliyekuwekea yupo ng'ambo ya bahari.

Msomaji_wa_Usiku

Mwalimu ahsante, umenifungua. Na hiyo diski inadumu miaka mingapi?

Fizio_Kitongoji

Waliowekewa wamefuatiliwa zaidi ya miaka 10 na wengi diski zao bado zinafanya kazi. Kinachoweza kutokea: sahani kuzama kwenye mfupa, hasa mifupa ikiwa dhaifu, diski kusogea, plastiki kulika, au mfupa kuota kuizunguka mpaka inaganda. Kuifungua tena ya kiuno ni kazi nzito kuliko mara ya kwanza, maana makovu yanaishika ile mishipa mikubwa niliyoisema. Yaliyompata yule wa Norwe yalitokea katika kufunguliwa mara ya pili.

Na asiyefaa kabisa ni huyu: mwenye mifupa iliyopungua uimara, mwenye maambukizi, mwenye viungo vya nyuma vilivyolika, mwenye njia ya neva iliyozibwa na mfupa, na mwenye pingili iliyoteleza juu ya nyingine. Hiyo ya mwisho mara nyingi haionekani vizuri kwenye MRI kwa kuwa mgonjwa amelala. Inataka eksirei ya kusimama, ameinama mbele na amejinyoosha nyuma. Kaka yako amepigwa?

Mwana_Kibirizi

Hajapigwa. Na dalali hakuiomba, aliomba picha ya pasipoti.

Familia tumekaa juzi, mama akiwepo. Tumekubaliana shamba lisubiri, kaka aende kwa bingwa wa mgongo MOI, taasisi ya mifupa ya Muhimbili, Dar, akiwa na rufaa yake. Atakwenda kwa treni daraja la kulala, maana basi la kupitia Uvinza kiuno hakitalistahimili. Nitaleta mrejesho.

Mpenda_Mwanga

Hapo sawa. Abebe na CD ya MRI, asibebe karatasi peke yake. Shemeji yangu alirudishwa kupiga upya kwa sababu hiyo.

Mwana_Kibirizi

Wakuu, mrejesho.

Kaka ameonwa. Daktari alimpima muda mrefu: alimtembeza kwa visigino, akapima kidole gumba kikawa dhaifu kidogo, akaagiza eksirei za kusimama na kuinama. Pingili ya 4 imeteleza mbele juu ya ya 5, na akiinama inasogea zaidi. Amesema waziwazi kwamba diski bandia kwa mgongo wa namna hiyo haiwekwi, hapa wala India, kwa sababu haina uwezo wa kuizuia pingili isiteleze. Kwake, kama itafikia upasuaji, itakuwa kufungua nafasi ya neva na kuunganisha pingili hizo mbili.

Ila hajasema apasuliwe sasa. Amesema kwa kuwa kidole bado kina nguvu ya kutosha na mkojo ni salama, apewe kwanza programu ya mazoezi ya kusimamiwa, aache kubeba, aache sigara, kisha arudi kupimwa. Nguvu za mguu zikishuka kabla ya hapo, arudi mara moja.

Kaka alinyamaza sana siku ile. Alikuwa ameshajiona na diski mpya. Nilimsomea baadhi ya majibu yenu ndani ya behewa tukirudi, ya mwalimu aliyasikiliza mara mbili.

Mwalimu_Gungu (Kigoma)

Mpe pole yangu. Kuambiwa hufai kunauma, hata kama kumekuokoa.

Fizio_Kitongoji

Daktari kampima vizuri. Sasa mazoezi yake yawe ya kukaza misuli ya tumbo na ya kina ya mgongo, na kwa kuwa pingili imeteleza mbele, asifanye yale ya kujikunja kwa nyuma akiwa amelala kifudifudi mpaka anayemsimamia aridhie. Yale ndiyo yanayosambazwa sana kwenye simu, na kwa mgongo wake yanaweza kumuongezea maumivu. Kutembea ndiyo, kila siku, tambarare. Anayemsimamia Kigoma akitaka kuongea nami kuhusu programu, aniandikie humu kwa ujumbe wa ndani.

Baba_Wawili (Ujiji)

Na kukanda je, dokta?

Fizio_Kitongoji

Misuli ya mapaja na makalio, kwa mikono laini, sawa. Kiuno chenyewe kisisukumwe.

Mwana_Kibirizi

Nimeelewa. Wenzake wa gatini wamempa daftari la kuhesabu madumu, anaanza Jumatatu. Mnunuzi wa shamba nimeshampigia.